Kulungu wa Pembe ya Kombo

Nilikuwa bado mtoto, miaka kumi na mitatu, corona ilipotufungia ndani huku ughaibuni, pale Guildford, na ninachokikumbuka kuliko barakoa ni wivu. Nilikuwa na wivu, weee! Wivu wa kukosa usingizi. Sababu yake ilikuwa Amani, mtoto wa marehemu kaka yake Baba, aliyetufikia kutoka kambi ya wakimbizi muda mfupi kabla viwanja vya ndege havijafungwa.

Mimi ndiye kifungua mimba. Kabla Amani hajaja, mimi ndiye niliyekaa kiti cha mbele garini, mimi ndiye niliyesimuliwa habari za babu zetu, wawindaji wa kwetu Fizi. Alipokuja yeye, hata kipande kizuri cha samaki kikahamia sahani yake.

"Mwenzako hana baba," Mama aliniambia.

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu nikikasirika, kwamba basi atafute wake, asichukue wangu.

Masharti yalipolegezwa, Baba alialikwa kuwinda na Mzungu mmoja aliyefanya naye kazi kwenye bohari kule Lidcombe. Wazazi wa yule Mzungu walikuwa na shamba ng'ambo ya milima, na kulungu wa huku, wale wenye pembe za matawi, walikuwa wanawamalizia malisho. Baba alikuwa ameniahidi mimi kuwa siku akienda kuwinda tutakwenda pamoja. Jumamosi asubuhi akamwamsha Amani. Nilisimama dirishani hadi gari likapotea, nikaomba wasipate hata sungura.

Na kweli hawakupata. Walirudi jioni mikono mitupu, na Baba akatuita sote sebuleni kabla hajavua viatu. Alisema walilikuta dume kubwa limesimama karibu kabisa, pembe moja nzuri, ya pili imejikunja kuelekea jichoni. Akashusha bunduki.

"Mwenzangu ananiambia, piga! Huyo aliumia mguu, ndiyo maana pembe imeharibika," Baba alisema. "Nikamwambia, hiyo ni sababu ya pembe. Miye nataka sababu ya kukutana naye. Kwetu, mwindaji akikutana na pembe ya kombo, nyumbani kwake kuna jaluzi. Akipiga, risasi inarudi kwa watu wake. Sasa semeni. Nani hapa anamwonea mwenzake wivu?"

Nilijua ni mimi. Nilikaribia kusema, Mungu ni shahidi wangu, Amani alipopiga magoti.

"Ni miye, baba mdogo. Namwonea Neema wivu. Anaita 'Baba', na mtu anaitika."

Mama akaanza kulia. Baba alimwinua Amani, akamkumbatia, akampa maji asukutue na kuyatema nje, maana ndivyo kinyongo kinavyotolewa kwetu. Na mimi? Mimi nilizidi kuvimba. Lo, hata wivu wangu kaniibia!

Siku hizi ni mtu mzima, na Amani ni kaka yangu hasa, tunagombana na kupatana kama ndugu wote. Juzijuzi nikipika na Baba, nilimuuliza kama siku ile alijua kuwa mwenye wivu ni mimi. Akacheka kidogo.

"Hapana, mama. Nilijua ni miye. Njia nzima kijana alikuwa anamtaja kaka yangu. Mara baba yake alishika bunduki hivi, mara alinyata hivi. Miye niliyekuwa naye pale, hakuniita Baba hata mara moja. Nilimwonea marehemu wivu."

"Sasa mbona ulituuliza sisi?"

Akageuza ugali.

"Niliona aibu kuwa nao peke yangu."

Kama risasi ingerudi kweli, sijui. Mimi nimesomea huku. Ninachojua ni kwamba angempiga yule kulungu, tungekula nyama wiki nzima, na hakuna ambaye angemuuliza mwenzake kitu.