Mbili za Wote

Kosa langu la kwanza katika kemia lilikuwa neno moja, na kila ninaponusa vumbi la mawe yaliyopondwa nalikumbuka. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa somo hilo, nami nilikuwa nimejitapa kwamba kesho yake ningewafundisha wenzangu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Kamusi ikaniambia atomu "hugawana" elektroni. Kwetu Nyamongo kugawana tulikujua: mawe ya dhahabu yakitoka shimoni, kila mtu anaondoka na kiroba chake.

Nikachora atomu mbili za haidrojeni uani, nikazipa punje moja moja ya mahindi ziwe elektroni. Nikafuta, nikagawa upya, mpaka nikalia.

"We mtoto, unachimba shimo lako hapo?" dada akafoka. Yeye na mama walikuwa wamebeba mawe kwenye turubai, kila mmoja upande wake.

"Kila atomu inataka punje mbili, na ziko mbili tu!"

"Si uziweke katikati, ziwe za wote? Hili turubai nani aondoke nalo?"

"Mmoja akiachia, mawe yatamwagika," nikajibu.

"Sasa unalia nini?"

Asubuhi nzima nilikuwa nimeipoteza kwa neno moja: atomu hazigawani elektroni, huzishika kwa pamoja.

Siku hizi nikikwama, nauliza mtu mapema.