Kamera Iliyomwona Shemeji Peke Yake

Tulikuwa watu sita kwenye kibaraza cha shule, na nianze na hao kabla ya jambo lenyewe. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo dada yangu, baba mmoja mama mmoja, kati yetu alipita mtoto mmoja ambaye hakukaa. Alikuwepo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na mdogo wao wa mwisho, shemeji yangu, ambaye tangu kaka yake azikwe alikuwa akinishauri kila siku bila kuulizwa. Alikuwepo binti wa dada, aliyesoma mpaka Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa, akitufasiria Kireno. Wa sita ni fundi wa kompyuta, kijana kutoka kusini, si ndugu wa mtu yeyote pale, ingawa kabla ya alasiri tulikwisha kujua hata jina la mchumba wake. Majina ya wote ninayo, na ya baba zao pia. Siyaandiki kwa sababu wengine wako hai na wana wajukuu wanaojua kuchokoza.

Ilikuwa ile miaka gesi imeshaonekana chini ya bahari, na kila mwezi akija mgeni mpya mwenye kofia ngumu kutueleza jinsi tutakavyokuwa matajiri. Gesi iko baharini, lakini walioitaka walitaka na nchi kavu, na nchi kavu ilikuwa na mashamba yetu. Ikaamriwa kila mwenye shamba aandikwe, apigwe picha, apewe kadi. Asiye na kadi hana shamba, hata kama mikorosho kaipanda mwenyewe.

Shamba langu nilipewa na mama, naye alipewa na mama yake. Mume wangu alilima humo maisha yake yote kama mgeni mwenye adabu. Shemeji yeye aliliita shamba la kaka. Siku ile ilikuwa ya mwisho kijijini kwetu. Kesho yake kompyuta ilikuwa ihamie kijiji kingine, Mute.

“Usihangaike, shemeji,” akaniambia asubuhi. “Ikishindikana, tutaliandika kwa jina langu. Si nyumba ni ile ile?”

“Nyumba ni ile ile,” nikamjibu, “lakini jembe lako sijaliona humo.”

Sasa, kwetu mtu haendi kupigwa picha na uso wa kuamkia. Tuliamka mapema, mimi, dada na wifi, tukasugua kijiti cha msiro juu ya jiwe kwa maji mpaka kikatoa uji mweupe, tukajipaka uso mzima kama tunavyojipaka tukienda harusini. Tukavaa kapulana mpya. Dada alijifunga ile iliyogawiwa kwenye mkutano, yenye picha ya mheshimiwa mmoja, naye akahakikisha mheshimiwa kamkaa kifuani sawasawa.

Shemeji aliketi wa kwanza, maana hakuna aliyemwambia asubiri. Fundi akabonyeza. Kidirisha cha picha kikawa cheusi tititi.

“Shemeji,” nikasema, “naona imekupiga roho.”

Fundi alikuwa na karatasi ya maelekezo, imetiwa kwenye plastiki isilowe. Ilisema chomoa kamera, chomeka upya. Akachomoa, akachomeka tundu jingine. Nyeusi. Ilisema angalia kama kuna programu nyingine inayoitumia kamera. Hapo akakuna kichwa, akafungua kona moja ya kioo, na kumbe asubuhi alizungumza na mchumba wake kwa video, akaaga bila kufunga. Ndipo tulipolijua jina la yule binti. Akaifunga, picha ikaja, akaihifadhi upesi kwa furaha. Binti wa dada akachungulia, akaanza kucheka. Ilikuwa picha ya fundi mwenyewe, mdomo wazi. Ile kompyuta ilikuwa na jicho lake jingine juu ya kioo, linamtazama yeye, nalo ndilo lililofanya kazi.

“Mpeni hongera,” wifi akasema. “Kaja jana, leo ana mikorosho.”

Fundi akaifuta, akaingia kwenye orodha ya kamera, akachagua ile ya kuchomeka. Shemeji akatoka safi, na meno yote. Akaikausha kadi ya shamba lake kwa kuipepea mbele yangu, ingawa haikuwa na unyevu wowote.

Akaketi wifi. Kabla ya kupiga, programu ile huzungusha kijisanduku cha kijani kwenye uso wa mtu. Kisipokuja, kitufe hakibonyezeki. Hakikuja. Yakatoka maandishi mekundu ya Kireno.

“Inasema haioni uso,” akasoma binti wa dada.

“Haioni uso wa nani?”

“Wako, mama.”

Wifi akainuka kanuna. Akaketi dada. Kijisanduku kikatokea, kikazunguka juu yake, kikashuka taratibu, kikatua kifuani, kwa mheshimiwa. Kitufe kikawaka, fundi akabonyeza kabla hajatazama vizuri, na shamba la dada likawa la mheshimiwa.

“Mwacheni hivyo hivyo,” wifi akasema. “Angalau wakija kumhamisha huyu, wataogopa.”

Fundi akaifuta nayo. Zamu yangu, hata kifuani hakikuja. Fundi akairudia karatasi. Ilisema ongeza mwanga: akanihamisha na kiti mpaka ukingoni mwa baraza. Ilisema weka kitu cheupe nyuma ya mtu: binti wa dada akatandaza shuka. Nikawa mweupe mbele ya cheupe. Ilisema zima, washa. Tukakaa kuitazama ile kompyuta ikiamka, polepole kama mzee mwenye mgongo, na ilipoamka ilikuwa bado hainijui.

Wifi ndiye aliyeligundua tatizo. “Tumepaka mwembamba,” akasema. “Jua limeukausha, hatuonekani vizuri.”

Tukaona kasema la akili. Tukarudi nyumbani wote watatu, tukasugua msiro mwingine, tukaongeza tabaka la pili, nene, mpaka nikaona tabu kucheka. Tuliporudi fundi alituangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akainamia karatasi yake. Nadhani alishaanza kushuku. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa, na pengine alidhani ni dawa, au ni dini. Hakuna kijana wa watu anayewaambia bibi watatu wakanawe uso.

Kamera sasa haikumwona hata dada, na safari hii mheshimiwa alijikunja kwenye mkunjo wa nguo. Jenereta likaanza kukohoa.

“Mafuta yanakwisha,” akasema shemeji. “Fundi, usijitese. Andika lile shamba kwa jina langu, mimi picha yangu imeshaingia humo.”

Fundi akanitazama. “Vovo?” akasema, yaani bibi kwa Kireno, na mkono wake ukaenda kwenye kompyuta.

Nikawataja moyoni walioonekana. Fundi kaonekana, wala hakuombwa. Shemeji kaonekana. Mheshimiwa, ambaye ni rangi tu juu ya pamba, naye kaonekana. Wote watatu hawakupaka msiro.

“Toa mkono hapo,” nikamwambia fundi.

Nikaenda kwenye mtungi wa maji wa shule, nikainama, nikanawa.

“We! Una wazimu?” dada akapiga kelele. “Unakwenda kupigwa picha uso mtupu?”

Nikaketi, maji yananidondoka kidevuni. Kijisanduku kikanirukia usoni kama nzi kwenye papai.

“Imekuona, mama mdogo!”

“Kumbe ndivyo ulivyo,” akasema shemeji.

“Kaka yako alijua tangu siku ya kwanza, wala hakulalamika.”

Fundi akachukua kalamu, akaandika kitu chini kabisa ya maelekezo yake, juu ya plastiki, wino ukateleza mara mbili. Nikamuuliza binti wa dada ameandika nini. Ameandika: kunawa. Wifi akanawa akinung’unika. Dada akanawa, na kapulana akaigeuza ndani nje.

Shamba lenyewe sasa liko ndani ya uzio wa watu wa gesi, mikorosho imeng’olewa. Lakini walipotuita kugawa mashamba ya badala yake, liliitwa jina langu, nikainuka mimi, nikaweka kidole mimi. Shamba jipya lina mawe, na liko mbali, na ni langu. Shemeji huja mara kwa mara kuomba mihogo, nami humpa. Tabu ni moja tu. Kila ninapopita kwenye kizuizi cha barabarani na msiro wangu, mlinzi huitazama kadi, hunitazama mimi, husema huyu siye. Basi natembea na chupa ndogo ya maji.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Dada anashikilia kwamba mheshimiwa alikuwa mgongoni, si kifuani, na kwamba wazo la kupaka tabaka la pili lilikuwa langu. Aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na aliyekuwepo, na anaona nimekosea, aje anisahihishe, nitamsikiliza. Ila jina la mchumba wa fundi asijisumbue nalo, hilo ninalo sawasawa.