Maalim Aliyeichapa Kompyuta

Baba mkwe wangu aliwahi kuichapa kompyuta kwa ufito.

Sitanii. Ufito wa madrasa, ule uliowafundisha nusu ya vijana wa Gazi kusoma. Aliitandika mbili za nguvu, kisha akaiambia irudie.

Na mashine ya watu, kwa ukaidi wake, ikarudia kosa lile lile.

Tulia nikusimulie ilivyokuwa.

Mimi naitwa Suleiman, mzaliwa wa Munje. Sioni tangu utotoni, surua ilinipitia machoni. Mwaka 1998, mvua ya El Nino ikiwa imeshatuachia barabara za mashimo, nilipata kazi ya uchapaji kwenye ofisi ya chama kimoja cha walemavu pale Msambweni.

Ofisi ilikuwa imeletewa kompyuta inayosema. Kando yake palikuwa na kisanduku chenye spika. Ukiandika neno, kisanduku kinalitamka. Ukirudi kwenye mstari, kinakusomea mstari wote. Kwa mara ya kwanza niliweza kuhakiki kazi yangu mwenyewe bila kumwomba mtu macho yake.

Tatizo lilikuwa moja tu. Aliyekuwa mle ndani alikuwa Mwingereza.

Kisanduku kilijua kanuni za Kiingereza peke yake, na kila neno kilipitisha huko huko. "Pole" kilisema "poul," nguzo ya Kizungu. "Wake" kikasema "weik." Kumbukumbu za mkutano zikieleza kwamba wanachama walimpa mwenzao pole kwa msiba wa kaka yake, mimi nilisikia Mzungu mwenye mafua akihesabu nguzo za stima.

Nilizoea. Sikio lilijifunza kutafsiri: "peil" ni pale, "weil" ni wale. Maisha yakaendelea.

Lakini kulikuwa na jina moja ambalo sikuwa tayari kulizoea.

Hasina alikuwa karani wa ofisi. Yeye ndiye aliyenisomea karatasi zilizoandikwa kwa mkono ili nizichape. Ana sauti ya taratibu, mtu yule, na akikaribia mahali pa kuchekesha hupunguza mwendo kwanza. Nikaanza kuchapa polepole makusudi, ili kazi isiishe.

Kisanduku kikimtaja kilisema "Hasaina." Roho iliniuma kila mara.

Ndipo nikagundua kwamba programu ilikuwa na kamusi yake ndogo. Upande mmoja unaandika neno lilivyo. Upande wa pili unaliandika kwa tahajia ya kumhadaa Mwingereza, alisome kwa Kizungu chake lakini litoke Kiswahili. Neno la kwanza kulitia humo lilikuwa jina lake. Nikaongeza herufi hapa, nikaongeza pale, nikabonyeza.

"Hasina," kisanduku kikasema, safi kabisa.

Upande wa pili wa meza kalamu ikawekwa chini. Kisha Hasina akauliza kwa nini sikuanza na jina langu.

Jibu nililipeleka kwao. Nilimtuma mjomba wangu kule Gazi akapose.

Mjomba akarudi na habari zisizoeleweka. Babake Hasina, Maalim Abubakar, hakukubali wala hakukataa. Aliuliza kijana anafanya kazi gani, na mjomba akamjibu kwamba anakaa siku nzima akisikiliza sanduku linalosema. Mjomba wangu kwa maelezo, Mungu amsamehe.

Maalim akasema atakuja kulisikia hilo sanduku mwenyewe.

Wadau, Maalim Abubakar alikuwa mtu wa matamshi. Ukisema "zahabu" mbele yake, alikurudisha kwenye herufi hadi ulimi uote sugu. Watu wa Gazi husema aliwahi kumsimamisha muuza samaki kwa ajili ya neno "ghali," wakabishana hadi samaki wakaanza kunuka.

Huyo ndiye aliyekuwa anakuja kumsikiliza Mwingereza wangu.

Nikaandaa salamu ya heshima kwenye kompyuta, nikaingoja siku. Aliingia, nikasimama.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Liko wapi?"

Nikabonyeza. Kisanduku, kwa moyo mkunjufu, kikamkaribisha "Melim Abyubeika."

Mzee akasogea karibu na spika.

"Mwambie arudie," Maalim akasema.

Kikarudia. Abyubeika.

"Huyu ana kiburi," akasema, na hapo ndipo nikausikia ufito wake wa madrasa, mara mbili, kisha akakiamuru kirudie tena; nikabonyeza, nacho kikarudia vile vile.

Madam Kalondu, mkubwa wetu wa ofisi, Mkamba wa kule Shimba Hills, alitoka mbio. "Mzee, hiyo ni ya wafadhili. Wakikuja kuiangalia nitawaambia ilipigwa na nani?"

Nikajua posa imekufa. Nikamweleza Maalim haraka haraka kwamba kisanduku hakina kiburi, kinafuata tu kanuni kilizowekewa, na neno kisilolijua hukisia. Lakini ukikionyesha mara moja, hakisahau tena.

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Yaani chafundishika?"

"Chafundishika, Maalim."

"Basi tuanze na jina langu."

Hapo ndipo mziki ulipoanza. Kila alipomaliza kusomesha watoto, alipanda gari akaja Msambweni. Yeye anatamka, mimi naandika, kisanduku kinajaribu, yeye anakataa. "Ng'ombe" lilitutesa vibaya. Kisanduku kikifika kwenye ule mkato kilikatika kana kwamba kimepaliwa na mwiba. "Ghali" kilishindwa kabisa, koo la Mwingereza halina sauti hiyo. Maalim akakivumilia kwa "gali," akasema hata wabara husema hivyo, na Madam Kalondu akajifanya hakusikia.

Zamu ya Madam Kalondu nayo ikafika. Aliniletea ripoti ya Kiingereza ya wafadhili niihakiki. Kamusi yetu haikujua lugha, ikikuta neno ilibadilisha tu. Basi akina mama wa ripoti hawakuamka alfajiri kwa Kizungu. "Wake," yaani amka, likatoka kama wake wa mtu. Watoto waliopauka kwa njaa, "peil" kwa Kizungu, nao wakawa "pale," kama kwamba wamesimama pale mlangoni.

"Sasa hata Kizungu kimeharibika," akalalamika.

"Mwingereza naye aonje," akasema Maalim, taratibu.

Tukacheka sana siku hiyo. Lakini habari ya posa haikuguswa. Mzee anakula muda wangu, anakunywa chai yangu, ya binti yake hasemi. Nikaanza kusikia kwamba kuna kijana wa hoteli kule Diani naye ametuma watu. Nikamrudisha mjomba kule Gazi.

Jibu lilikuwa fupi: mwanafunzi bado hajahitimu.

Nikasema sawa. Kama mahari yangu ni matamshi ya sanduku, litahitimu hilo. Nikaongeza maneno kwenye kamusi hadi vidole vikafa ganzi. Mwishowe nikamwalika Maalim aje atoe mtihani.

Alikuja na karatasi ya hotuba. Akasimama akaisoma kwa sauti ili niichape, kisha tukisikilize kisanduku. Alisoma vizuri mno, bila kukwama popote.

Katikati, Hasina akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba, karatasi umeishika juu chini."

Maalim akaacha kusoma. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikageuzwa tena, kisha ikawekwa mezani.

Akaketi. Madam Kalondu akaufunga mlango wake polepole.

Ni presha ya macho, akatuambia. Daktari alikwisha kumwambia kwamba nuru iliyokwenda hairudi, na iliyobaki inaondoka. Alimficha kila mtu, hata mkewe. Madrasani watoto walisoma vitabuni, yeye akawasahihisha kwa sikio na kwa moyo, na watu wakadhani ni ukali tu wa uzeeni.

"Mwanafunzi asiyehitimu si hilo sanduku," akasema. "Ni mimi. Nimekuwa nikija kujifunza unavyoishi."

Nikavuta kiti changu karibu naye.

"Wewe huna kosa, mwanangu. Niliogopa kumwoza binti yangu kwa kipofu, halafu abaki na vipofu wawili mikononi."

Hasina ndiye aliyejibu. "Baba, vipofu wawili wataongozana wenyewe. Mimi nitapata nafasi ya kupumua."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Mimi pia. Tulipotulia nikamshika mkono, nikamwonyesha vile vinundu viwili vidogo vilivyoko kwenye baobonye, ule ubao wa kuchapia, ambapo vidole vya shahada hukaa ili vingine vijue njia. Akavipapasa kwa muda mrefu, kisha akauliza alifu iko upande gani.

Ndoa ilifungwa baada ya Idi. Leo Maalim anachapa hotuba zake mwenyewe, na hugombana na kisanduku chake cha nyumbani hadi mama mkwe anaomba kipunguzwe sauti.

Nililojifunza ni hili. Mtu akikukatalia jambo, usiwe mwepesi kujitafutia kasoro, wala kumchukia. Huenda anapigana na hofu yake mwenyewe, na wewe umesimama tu njiani.