Niligeuza mpunga wa watu katikati ya mbio za maili kumi: yaliyonikuta na mazoezi ya interval, Ifakara

Wakuu, heshima kwenu, wa zamani na mliojiunga jana.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi. Nyuzi zenu nazisoma nikiwa kwenye cherehani, mteja akiingia naificha simu chini ya kitambaa. Leo naleta wa kwangu. Ni kweli tupu, na anayeaibika humu ndani ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida yoyote ya kutia chumvi.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Viwanja Sitini, Ifakara. Umri miaka arobaini na sita. Kitambi ninacho, cha kawaida tu, kinalingana na kazi ya kukaa.

Mwaka jana hapa kwetu ziliandaliwa mbio za barabarani, maili kumi, yaani kilomita kumi na sita. Binti yangu Otilia, wakati huo kidato cha kwanza, akaniandikisha bila kuniuliza. Wenzake waliandikisha baba zao, na yeye akaona baba anaye.

Sikufanya mazoezi. Niliamini kwamba mtu aliyekulia kwenda shamba kwa miguu hawezi kusumbuliwa na barabara.

Njia ilikuwa hivi: mnatoka mjini, mnapita Katindiuka, mnaenda hadi kilomita ya nane, mnageuza, mnarudi mlikotoka.

Kilomita ya kumi na moja, wakati wa kurudi, nikafa. Nasema nikafa kwa sababu sina neno jingine. Kichomi kilinishika ubavuni, miguu ikagoma, nikabaki peke yangu barabarani na kuku wa watu.

Akapita kijana wa bodaboda anaitwa Deo. Akapunguza mwendo, akanitazama, akasogea mbele kwenye kiti.

Nikapanda.

Nilishusha kofia hadi puani. Deo akanishushia nyuma ya ghala moja la mpunga, karibu kabisa na uwanja wa kumalizia. Nikajimwagia maji ya chupa kichwani ili yafanane na jasho, nikakimbia zile hatua zilizobaki, nikavuka mstari. Wakanivisha medali.

Wakuu, tulieni kidogo kabla hamjaanza kunitukana. Mabaya zaidi yanakuja.

Otilia aliichukua ile medali akaitundika sebuleni, kwenye msumari ambao ulikuwa wa kalenda. Kalenda ikahamia jikoni. Kila mgeni aliyeingia kwangu alionyeshwa. Katekista alionyeshwa. Fundi wa umeme alionyeshwa. Shuleni akaandika insha juu ya baba yake asiyekata tamaa, akapata alama nzuri, nayo nikasomewa wakati wa chakula.

Nikaendelea kula wali wangu.

Mwaka huu mbio zilipotangazwa tena, yeye mwenyewe akajiandikisha zile fupi za kilomita tano. Akaniambia, "Baba, nikichoka njiani nitakuwaza wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kichomi. Mtoto wangu anaenda kujikaza kwa kuwaza kitu ambacho hakikutokea. Kumwambia ukweli nilishindwa, nakiri, mdomo ulikuwa mzito. Nikaamua walau mwaka huu nizikimbie zote kumi na sita kwa miguu yangu, ili akiniwaza awe anamuwaza mtu aliyepo.

Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Nikaingia YouTube. Kuna kocha mmoja anaeleza kwamba ukitaka kukimbia mbali usikimbie mbali kila siku. Fanya interval: unakimbia kwa kasi mita mia nne, unapumzika dakika mbili, unakimbia tena, mara nane. Mapafu yanazoea kuteseka kwa awamu. Nikaona hii inanifaa, maana hata nguo tunashona kwa awamu.

Uwanja wenye vipimo sina. Nikachukua futi kamba yangu ya kushonea, nikapima kamba ya mita ishirini, nikaenda nayo Katindiuka kwa baiskeli, nikaivuta barabarani mara ishirini. Kuanzia kwenye kalavati, mita mia nne zikaishia mbele ya nyumba ya mkulima mmoja mzee, Bibi Skola, mahali anapotandaza turubai la kuanika mpunga. Kwa usahihi kabisa, ziliishia kwenye kona ya turubai.

Siku ya kwanza, saa kumi jioni, nikaanza.

Wakuu, kwetu mtu mzima hakimbii barabarani bila sababu. Anakimbia kwa sababu ya ng'ombe, moto au mwizi. Na hakimbii, akasimama, akageuka akakimbilia alikotoka. Nikiwa kwenye mbio ya pili, mzee mmoja aliyekuwa anatoka shambani akaweka jembe chini akaanza kukimbia na mimi. Tulienda pamoja kama mita hamsini, ndipo akauliza, "Tunakimbia nini?"

Nikamwambia mazoezi. Akasimama, akarudi kufuata jembe lake. Nilimsikia akiwaeleza watu wa baiskeli kwamba hakuna kitu, ni fundi tu.

Kwa Bibi Skola nilifika mara nne siku hiyo. Mara ya kwanza nikamwamkia vizuri. Mara tatu zilizofuata nilifika, nikashika magoti, nikahema, nikageuka.

Siku ya pili akanisubiri amesimama, reki ya kugeuzia mpunga mkononi.

"Baba Otilia, mimi ni kalavati?"

Nikamjibu hapana.

"Kalavati ndilo unalifikia ukaliacha bila neno. Mimi jana umenifikia mara nne, shikamoo moja."

Nikajaribu kumweleza kuhusu interval, kwamba ule ni msafara mmoja uliokatwa vipande. Akasema kila ukija umekuja.

Tukakubaliana: kila nikifika, shikamoo. Na kwa kuwa dakika mbili za kupumzika nasimama bure kwenye kona ya turubai lake, nitazitumia kugeuza mpunga. Mpunga usipogeuzwa unakauka juu tu, ukipelekwa mashineni unakatika. Hilo halina ubishi, na yeye ana umri wa miaka sabini na kitu, mgongo unamsumbua.

Ndivyo ilivyokuwa wiki zote saba, siku tatu kila wiki. Nafika mbio, shikamoo, napokea reki, nageuza mpunga mzunguko mmoja nikitembea ndani yake peku, nafukuza kuku, narudisha reki, naondoka mbio.

Sasa sikilizeni jambo moja la kitaalamu. Ile shikamoo ilikuja kunisaidia kuliko saa. Nikifika nikaweza kusema shikamoo na habari za mchana na mgongo unaendeleaje, maana yake sikukimbia, nilitembea kwa haraka. Nikifika sauti haitoki kabisa, nimezidisha, mbio inayofuata itaharibika. Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kusema shikamoo nzima, moja, halafu basi. Bibi naye alikuwa haitikii nusu. Ukitamka vibaya anaendelea kuchambua mpunga wake mpaka urudie.

Wiki ya nne, nikiwa katikati ya turubai, akasema bila kunitazama:

"Wewe una tabia. Hata mwaka jana ulipita hapa na pikipiki, una namba kifuani, hukunisalimia."

Reki ilinidondoka.

Nikamuuliza kwa upole, "Bibi, ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani kwamba mtu amenipita bila salamu? Nijitangazie?"

Nikasubiri aseme kuhusu pikipiki. Hakusema. Kwake yeye pikipiki ilikuwa ni chombo tu nilichokuwa nimekalia wakati namkosea. Akaniambia niokote reki, dakika zangu zinaisha.

Usiku huo nililala vibaya. Siri niliyodhani ni yangu na Deo, kumbe ilikuwa imekaa kando ya barabara mwaka mzima inaanika mpunga.

Siku ya mbio ikafika.

Nilianza taratibu. Nikapita kalavati, nikapita kwa Bibi wakati wa kwenda, ndio kwanza anafungua turubai. Shikamoo, marahaba. Kilomita ya nane nikageuza, nikiwa nyuma lakini nipo. Nyuma yangu walikuwepo watu wawili, kijana mmoja aliyevaa ndala na mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya suruali.

Kilomita ya kumi na moja ikaja, na kichomi kikaja nayo, ubavu uleule. Nadhani kilikuwa kinanisubiri hapo tangu mwaka jana.

Na pikipiki ikaja.

Deo akapunguza mwendo pembeni yangu. "Fundi, kiti kiko wazi. Kama kawaida?"

Nisiwadanganye wakuu. Niliweka mkono kwenye kile kiti. Kilikuwa na joto la jua. Nilishafikiria hadi ghala.

Mbele yangu, kama mita thelathini, Bibi Skola alikuwa amesimama kwenye turubai, mpunga ameshautandaza, ananitazama. Alikuwa anasubiri salamu yake. Nikajiuliza nitamwamkiaje mtu yule nikiwa juu ya pikipiki kwa mara ya pili. Nikashindwa kuona namna. Nikatoa mkono.

Nikajikokota hadi kwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Halafu akanyoosha reki.

Wakuu, mwili ulikuwa umezoea. Wiki saba nafika pale, napewa reki, nageuza. Sikuwaza. Nilivua viatu nikaingia kwenye mpunga nikaugeuza mzunguko mmoja, na namba kifuani, Deo akitazama injini ikiwa inaunguruma. Yule wa ndala akanipita. Yule mama wa kitenge akanipita, akasema pole.

Nilipofika kona ya mwisho ya turubai, kichomi hakikuwepo. Sijui kimeenda wapi. Nikavaa viatu, nikarudisha reki, nikaondoka.

Nilimaliza nikiwa wa mwisho kabisa. Vijana walikuwa wanafungua kamba za bango. Mgawa medali alinionyesha boksi, tupu. Akasema zimeisha, ya mwisho amepewa yule mama. Mama wa kitenge alikuwa anapiga nayo picha.

Otilia alikuwa amesimama pale, zake tano kamaliza zamani, medali shingoni. Akatazama saa ya mwandaaji.

"Baba, mwaka huu umechelewa sana kuliko mwaka jana."

Ni kweli. Ukisoma matokeo, mtu aliyefanya mazoezi wiki saba ameporomoka vibaya mno.

Tulirudi nyumbani nikikokota baiskeli niliyokuja nayo asubuhi, kukanyaga pedali nisingeweza. Ndipo nikamwambia. Yote. Kofia, ghala, maji ya chupa. Sikumtazama usoni wakati nasema.

Kisha akauliza nilipandia wapi. Nikamwambia kwa Bibi Skola, kilomita ya kumi na moja. Akahesabu kidogo.

"Zilibaki tano."

"Ndiyo."

"Ndizo nilizokimbia mimi leo."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, na nina miaka arobaini na sita.

Tulipofika akatoa ile medali msumarini, akanipa, akasema nikaiweke kwangu kazini. Ipo kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na vifungo visivyo na wenzao. Kisha akaniomba namba yangu ya kifuani. Ilikuwa imelowa jasho, ina makapi ya mpunga na pembe moja imechanika. Akaitundika pale pale.

Nilidhani atarudisha kalenda.

Sasa mgeni akija anaonyeshwa. Otilia anamweleza kwa utulivu: "Hii ni ya mwaka huu, baba alikimbia zote akawa wa mwisho. Mwaka jana alipanda pikipiki." Anayasema yote mawili, kila mara, kwa mpangilio huo. Mimi nakuwa nimekaa hapo hapo, namkaribisha mgeni chai. Katekista amesikia. Fundi wa umeme amesikia. Na kila akifika pale kwenye "alikimbia zote", anageuka kidogo kunitazama, na wakuu, ile medali haikuwahi kunifanya nitazamwe namna hiyo.

Nilichojifunza: interval zinafanya kazi, ila mwili unashika kila kitu unachoufundisha, pamoja na yale ambayo hukukusudia. Na njia unayopita ina watu. Wanakuona.

Mwakani naenda tena. Bibi ameshaniambia atalima zaidi.

Wenye uzoefu karibuni mnirekebishe. Hasa namtafuta mtu aliyewahi kuondoa kichomi katikati ya mbio bila kutumia mpunga. Matusi kuhusu pikipiki nayapokea pia, mawili matatu, nayajua yalikotoka.