Suti Aliyoila Mume Wangu

Mume wangu ni fundi cherehani, na tumbo lake lilikuwa likiingia chumbani kabla yake. Mimi sikulilalamikia. Nililijenga mwenyewe kwa wali na viazi, na wakati wa baridi lilinifaa. Aliyelichukia ni yeye, tangu siku binti yetu mkubwa alipochumbiwa.

Siku hiyohiyo alitoa kabatini kitambaa cha buluu alichokitunza miaka nenda miaka rudi, akajikatia suti ya harusi. Ila hakukata kwa kipimo cha mwili alio nao. Alikata kwa kipimo cha mwili anaoutaka.

"Baba watoto, hiyo suruali si itakukwama magotini?"

"Nguo haiongezwi, mama. Mwili ndio utapunguzwa. Namshika binti yangu mkono nikiwa nimevaa hii, utaona."

Mteja wake mmoja, mlinzi wa benki, alikuwa amekonda kwa kula nyama tupu, akawa analeta suruali zake zipunguzwe. Fundi gani atabishia ushahidi wa namna hiyo? Basi kwaheri wali, kwaheri mkate. Hata ndizi akawa anaipita kama jirani waliyenuniana naye. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni nyama na yai la kubadilisha ladha. Mimi na watoto tulikula maharage huku tukimtazama. Kitinda mimba wetu akamwita Chui, na mtaa mzima ukadakia.

Lakini nyama si mchicha. Pesa ya cherehani ilikata mapema, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo akaanza kwenda buchani na mkono wenye sindano. Mwenye bucha ni mtu mwembamba kama mpini wa jembe. Nilipomuuliza siri yake alicheka. "Nyama naiuza, shemeji. Nikiila mimi, nitauza nini?"

Mume wangu akamshonea aproni, kisha sare za watoto wake, na Mungu amemjalia wengi. Siku moja nikaingia buchani nikakuta mapazia ya maua dirishani. Nikayasifia kweli. Nilipofika nyumbani na kuona dirisha langu liko wazi, ndipo nikajua nilikuwa nasifia ya kwangu. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka, halafu nikamwona anavyotafuna huku kichwa kakiinamisha, nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Na tumbo, kusema haki, liliisha. Wiki ya harusi suti ilifunga vifungo vyote. Alicheza mbele ya kioo, nami nikacheza naye, tukagonga meza.

Kesho yake alirudi na paja zima la ng'ombe begani.

"Umempa nini safari hii?"

Akalihamishia paja bega la pili.

"Baba watoto, suti iko wapi?"

"Kasema amealikwa harusini na hana cha kuvaa. Hakutaka kingine. Na nikiacha nyama sasa hivi, mama watoto, tumbo si litarudi?"

"Sasa hilo tumbo lisiporudi utalivisha nini?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Akakaa kitandani na paja lake mapajani, na machozi yakamtoka. Sikucheka siku ile.

Ilibaki suti ya zamani ya kahawia, ya enzi za tumbo. Angeweza kuipunguza, lakini magauni ya wasimamizi yalimweka kwenye cherehani mpaka asubuhi ya harusi, na mganga hajigangi. Akaifunga suruali kiunoni kwa futi yake ya kupimia, tukatoka mbio.

Mlangoni mwa kanisa tukamkuta mwenye bucha ndani ya buluu, imemkaa kama ngozi yake.

"Fundi! Hata hukunipima, na umenipatia hivi!"

Mume wangu alijaribu kutabasamu. Muziki ukaanza, binti akamshika mkono, na hatua ya kwanza tu fundo la futi likafunguka. Akaidaka suruali kwa mkono uliobaki. Watu wakaangua kicheko, mimi wa kwanza. Yeye akasimama, uso chini.

"Mwanangu, nilitaka leo unione nimependeza."

"Baba, wewe shika suruali," binti akamwambia. "Mimi nitakushika wewe."

Wakaingia hivyo hadi mbele, wote wawili wakicheka. Alipofika kitini aliniinamia sikioni akauliza kama kwenye sherehe kutakuwa na wali.