Sahihi ya Siku Ile

Siku Tambwe alipomwona kwa mara ya kwanza karani wa dirisha la pili pale benki, alikuwa anafungua akaunti, na mama yule alimharakisha: "Sinya tu, papa, watu iko wanangoja." Tambwe akachora jina lake kama mtu anayefukuzwa. Sasa upepo umeng'oa paa la nyumba yake, watoto wanalala chini ya turubai, na pesa yake ya mabati imekwama nyuma ya kioo kile. Kila akija anamkuta mama yule vilevile, anatafuna tangawizi, anapuliza muhuri wake, anainamia kompyuta kulinganisha sahihi ya leo na ile ya siku ile. Hapandishi sauti kamwe.

"Haiko sawa, papa."

"Lakini sura yangu unaijua, maman."

"Mimi naijua. Banque Centrale ndiyo haiijue."

Basi Tambwe huandika tena, polepole, kama alivyofundishwa shule ya msingi, na kadiri anavyojitahidi ndivyo herufi zinavyozidi kunenepa.

Alhamisi mama yule aliona koti la Tambwe linachuruzika maji ya mvua. Akatupa jicho nyuma kama mkubwa wake yupo, akageuza kompyuta kidogo ili Tambwe aione sahihi yake ya zamani, akajifanya anatafuta kalamu. Tambwe akainakili kwa jasho, mkia kwa mkia. Karani akalinganisha, akapuliza muhuri, mkono ukasimama hewani. Akairudisha karatasi chini ya kioo.

"Sasa inafanana kupita kiasi, papa. Mutu hawezi kusinya jina yake mwenyewe vile. Hii umeiga."