Udongo wa Mama

Mama alipofariki, matanga yalikaa nyumbani kwetu Tononoka. Sisi ni Wakristo wa bara, watoto wawili tu: mimi kifungua mimba, na mdogo wangu wa kiume aliyepanga chumba Mji wa Kale. Mwaka uliotangulia alimwambia mama waziwazi kwamba ameacha kanisa na sasa ni mfuasi wa Shetani. Mama alilia, kisha akampakulia chakula. Basi presha ilipomwangusha mama ghafla, watu walishapata maneno: kijana amemtoa mama yake kafara.

Kwetu, mchungaji akishaomba, watoto wa marehemu ndio hutia udongo wa kwanza. Mama mkubwa, dada yake mama, alishuka basi Mwembe Tayari na neno moja: mkono ule hautagusa udongo mpaka kijana apige magoti na kumkana Shetani mbele ya wazee.

Tulimfuata chumbani kwake. Mlangoni mama mkubwa aliona chetezo kinafuka moshi, akarudi nyuma na kuanza kukemea mapepo. Kilikuwa cha mwenye nyumba, mama wa Kiislamu mcha Mungu, anayefukiza udi kama majirani zake wote. Alitoka akamtazama.

"Dada yangu, udi wangu umekukosea nini?"

Kidani cha kichwa cha mbuzi shingoni mwa mdogo wangu, ambacho ndicho hasa alama ya imani yake, mama mkubwa hakukijali. Baadaye aliniuliza kama kijana ameajiriwa buchani.

Nilimwita mdogo wangu kando, ngazini. Nimesoma mpaka darasa la nane tu, na kuuliza kwa kuzunguka sikujui. Nilimuuliza kama alimtoa mama.

"Dada, nimtoe kwa nani? Mimi siamini kama yuko."

Akanieleza kwamba Shetani kwao si kiumbe. Ni jina tu la anayekataa kuinamishwa. Hawamwombi, hawachinji, hawana wa kumuuzia roho. Mwili wa mtu ni wake, na kosa lake ni lake, hana wa kumsingizia. Alikiri kwamba wako wengine wanaoamini yuko kweli, wanaomwashia mishumaa na kumwita, lakini yeye si wao. Haya yote aliyasoma kwenye simu. Wenzake hajawahi kuwaona uso kwa uso. Nikamuuliza kwa nini basi wachukue jina hilo, la kumliza mama. Akasema hapo hana jibu zuri.

Nikamsihi apige magoti tu. Kama hakuna wa kumkana, atapoteza nini?

"Nitakuwa nimemzika mama kwa uongo," akasema.

Imani yake sikuipenda, na siipendi hadi leo. Lakini mama nilimjua. Sahani ukivunja alisamehe. Uongo ndio uliotupatia fimbo.

Makaburini, mchungaji alipomaliza, mama mkubwa alisimama mbele ya mdogo wangu. Nilichota udongo kwa mikono miwili, nikamwendea, nikammiminia nusu viganjani.

"Mama mkubwa," nikasema, "huu ni wangu. Nimempa."

Alisogea kidogo, ikatosha kupita mtu. Watu waliitikia amina. Mdogo wangu hakuitikia, alikuwa analia. Tukautia pamoja.